Sindano za Kichina na tumbo sugu

Wengi wanaofika kwangu wamehangaika na tumbo kwa miaka. Wamepima choo, wamepiga ultrasaundi, dawa za minyoo wamemeza hadi wamezichoka, na tumbo bado linasokota. Wanataka kujua kama akupancha, yaani sindano hizi za Kichina, itawaponya. Inategemea tumbo lenyewe lina nini.

Kama tatizo ni kufunga choo, nachoma bila kusita. Mwaka 2016 watafiti wa China wakiongozwa na Zhishun Liu walitoa matokeo ya wagonjwa 1,075 kutoka hospitali 15. Kundi moja lilichomwa sindano zilizounganishwa na umeme mdogo, jingine likachomwa juujuu tu, pembeni ya sehemu zinazotakiwa. Baada ya vipindi 28 ndani ya wiki 8, waliopata choo kamili bila dawa angalau mara 3 kwa wiki walikuwa asilimia 31.3, kwa wale wa juujuu, 12.1. Nafuu iliendelea hata baada ya matibabu kusimama. Lakini hesabu hiyohiyo inasema zaidi kidogo ya theluthi mbili hawakufika huko, na hilo nalisema kabla mtu hajatoa pesa.

Sehemu ninazotumia sana ni Tianshu, kila upande wa kitovu, umbali wa vidole vitatu hivi vya mgonjwa mwenyewe, na Shangjuxu kwenye mguu: pima vidole vinne mara mbili kutoka chini ya goti, kando ya muundi kwa nje. Sindano ikifika panapotakiwa, mgonjwa husikia uzito au ganzi. Nikiwasha umeme, msuli wa mguu huanza kurukaruka, na wengine hucheka.

IBS, yaani tumbo linalosokota na choo kubadilikabadilika bila vipimo kuonyesha kidonda au uvimbe, ni habari nyingine. Mwaka 2008 Ted Kaptchuk na wenzake wa Boston waliwapa wagonjwa sindano bandia, butu, zinazorudi ndani ya mpini bila kutoboa ngozi. Waliosubiri tu bila kupewa sindano yoyote, asilimia 28 walisema wamepata nafuu ya kutosha. Waliopewa sindano bandia na mtabibu asiyezungumza nao sana, 44. Waliopewa sindano hizohizo na mtabibu aliyekaa nao, akawasikiliza kwa utulivu, 62! Basi kwa IBS sijisifu kwamba sindano ndiyo iliyotibu. Ila tangu nisome utafiti ule, simharakishi mgonjwa anaponieleza tumbo lake.

Choo chenye damu, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, au tumbo lililobadilika ghafla baada ya miaka 50: huyo simchomi, namwelekeza hospitali, na mara nyingi watamfanyia kolonoskopi, kipimo cha kuangalia utumbo mpana kwa kamera. Mwenye kolaitisi (uvimbe wa utumbo mpana) au ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa njia ya chakula) aendelee na dawa zake. Sindano ni nyongeza tu.

Kabla hujalala kitandani, sema kama una mimba, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au umewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Na pakiti ya sindano ifunguliwe ukiiona.