Baridi ya Julai na ukuta unaotoa jasho

Baridi ikianza Nairobi mwezi wa Juni, matundu ya hewa juu ya madirisha huzibwa kwa magazeti na matambara. Kufikia Agosti ukuta wa nyuma ya kabati umekuwa mweusi kwa kuvu. Fundi wa rangi huitwa, anapaka, na mwaka unaofuata kuvu iko palepale, kwa sababu unyevu unaoiotesha bado umo ndani.

Hewa yenye joto la nyuzi 20 hubeba hadi gramu 17 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo; ya nyuzi 11 hubeba takriban 10. Kwa hiyo hata hewa ya asubuhi yenye manyunyu, ikiingia na kupata joto la nyuzi 20, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 60 ya maji inayoweza kubeba. Hewa hiyo inakausha nyumba, ingawa huwezi kumwambia hivyo mtu aliyejifunika blanketi.

Maji yenyewe tunayatoa sisi. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiisha, umeacha zaidi ya lita 9 za maji hewani. Ongeza pumzi za usiku na nguo zilizoanikwa sebuleni. Mvuke huo hutafuta mahali penye baridi zaidi: kioo, pembe za ukuta wa nje, mgongo wa kabati.

Kabla ya kumlaumu mwenye nyumba, bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 30 kwa 30 ukutani, kingo zote zifungwe kwa selotepu, uiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wenu. Yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani: bomba, paa au msingi. Hapo dirisha halitasaidia.

Ikiwa ni mvuke, zibua matundu. Asubuhi fungua madirisha ya pande mbili zinazokabiliana kwa dakika 10 hadi 15, kisha funga; ukuta haupoi kwa muda huo. Funika sufuria. Nguo zisizoweza kukaa nje zianikwe bafuni, mlango umefungwa, dirisha wazi. Kabati lisogezwe sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani.

Kuvu iliyokwisha kuota isugue kwa maji ya sabuni, plasta ikauke kabisa ndipo upake rangi. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Gesi inayotoka huunguza mapafu.

Na jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala. Kaboni monoksidi haina harufu, na chumba kilichozibwa matundu ndicho inachokijaza upesi.