Meli ya msaada si meli ya bure

Imezoeleka kusemwa kwamba Ufilipino, kwa kuwa ina mkataba wa ulinzi na Marekani tangu 1951, hupewa manowari za bure na ndivyo jeshi lake la majini lilivyokuwa la kisasa. Sivyo. Chukua manowari ya Ufilipino BRP Gregorio del Pilar. Hiyo zamani ilikuwa USCGC Hamilton, meli ya Walinzi wa Pwani wa Marekani, iliyoanza kazi 1967 na kukabidhiwa Mei 2011. Ufilipino ililipia matengenezo na mafunzo. Mzinga wa milimita 76 ulibaki. Phalanx, bunduki ya kutungua makombora, iling'olewa kabla ya makabidhiano.

Gharama yenyewe imo tumboni mwa meli, chumba cha mashine. Injini mbili za dizeli za kampuni ya Fairbanks-Morse, silinda 12 kila moja, na ndani ya kila silinda pistoni mbili zinazotazamana: jumla 48, kwa krankishafti nne, yaani mihimili inayozungushwa na pistoni. Laina moja, ala ya ndani ya silinda, ikilika, fundi hawezi kuichomoa kabla hajainua krankishafti ya juu. Na hizo ni za mwendo wa kawaida tu. Kasi kubwa hutaka turbaini za gesi, ambazo kwa mafuta hazina huruma.

Na usasa wenyewe haukuja kwa msaada: frigeti mpya, manowari zenye makombora, zilinunuliwa Korea Kusini. Ya kwanza, BRP Jose Rizal, ilianza kazi Julai 2020.