Je, Wajua? Sababu ya Kwanza ya Mapinduzi ya Amin Ilikuwa Watu Kufungwa bila Kesi

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Idi Amin aliingia madarakani kwa bunduki tupu, bila hata kulitaja neno uhuru. Hapa Kampala wengi bado husimulia hivyo. Sivyo ilivyokuwa. Tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Redio Uganda ilisoma sababu 18 za jeshi kumpindua. Ya kwanza: watu wengi kushikiliwa muda mrefu bila kesi. Ya pili: hali ya hatari isiyo na kikomo. Ya tatu: watu kunyimwa uhuru wa kutoa maoni kuhusu siasa na mambo ya jamii.

Tena, si Amin aliyeisoma orodha hiyo, ingawa nilikuwa nikiapa ni yeye. Aliyeisoma ni askari aitwaye Wilfred Aswa. Amin alisikika baadaye, akasema yeye ni mwanajeshi, si mwanasiasa, na kwamba serikali yake ni ya muda tu hadi uchaguzi.

Na malalamiko yale yalikuwa ya kweli. Mwaka 1966 wabunge walikuta katiba mpya ya Obote kwenye visanduku vyao vya barua, ikapitishwa kabla hawajaisoma. Hali ya hatari iliyoanzia Buganda mwaka huo ilitandazwa nchi nzima Desemba 1969, Obote alipopigwa risasi na kujeruhiwa. Ndiyo maana watu wa Kampala walishangilia barabarani.

Sasa, maneno mazuri hivyo yaligeukaje? Sikiliza sentensi yenyewe. "Watu wanafungwa bila kesi." Ni shutuma. Iweke kando ya hii: "Sitamfunga mtu bila kesi." Ahadi nzima imebebwa na ile "si-" ya mwanzo, nayo haikuwamo kwenye orodha. Ni kama kwenye stendi ya boda: mtu anasimama na kupaza sauti, "Mwenyekiti anakula michango yetu!" Kila mmoja anaitikia, kwa kuwa ni kweli inaliwa. Kesho yake anakabidhiwa daftari la michango, na hakuna aliyemsikia akisema kwamba yeye hataila. Waliokuwa wakiumia walijazia ahadi hiyo wenyewe, mioyoni mwao.

Hata hivyo, si haki kusema yote yalikuwa uongo tangu siku ya kwanza. Baadhi ya zile sababu 18 zilihusu hofu za wanajeshi wenyewe, hasa kikosi cha pili chenye silaha walichodai Obote anakijenga pembeni. Na Amin kweli aliwafungua wafungwa wa kisiasa, akairudisha maiti ya Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutesa kutoka Uingereza. Lakini mwaka huohuo wa 1971 shughuli za vyama zilisimamishwa, na amri nyingine ikawapa wanajeshi mamlaka ya kukamata raia. Uchaguzi ulikuja kufanyika Desemba 1980, yeye akiwa ameshaondolewa.

Miongoni mwa waliofunguliwa alikuwa Benedicto Kiwanuka, aliyewekwa kizuizini mwaka 1969. Amin akamfanya Jaji Mkuu. Septemba 1972 Kiwanuka aliamuru Mwingereza aliyeshikiliwa na wanajeshi aachiwe. Tarehe 21 mwezi huo watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu, Kampala, wakamchukua. Hakufunguliwa kesi yoyote.