Saraka za huduma za jamii mtandaoni: wengi wanavyodhani na ukweli ulivyo

"Hakuna matokeo." Maneno hayo mawili, ambayo saraka (orodha ya mtandaoni ya mashirika na ofisi zinazosaidia watu) huyatoa isipopata ulichotafuta, yamewakatisha tamaa watu waliokuwa na haki kabisa ya kusaidiwa, kwa hiyo naanza nayo.

Dhana: Saraka isipoleta kitu, huduma haipo.
Mara nyingi ipo, ila imeandikwa kwa jina jingine. Waliopanga saraka ni watu wa ofisini, wanaotumia lugha ya ofisini. Wewe unaandika "sina pa kulala", wao wameiweka chini ya "makazi ya dharura". Unaandika "nadaiwa kodi ya nyumba", kwao hiyo ni "msaada wa kifedha kwa wapangaji". Achana na kisanduku cha kutafutia, fungua orodha ya makundi uishuke taratibu. Halafu panua eneo. Shirika linalohudumia mkoa mzima huenda limeandikishwa kwa anwani ya makao makuu peke yake, na ukichuja kwa mtaa wako hutaliona.

Dhana: Ofisi iliyo karibu ndiyo yangu.
Ofisi iliyo ng'ambo ya barabara yaweza kuwa inahudumia wakazi wa upande wake tu. Soma "eneo linalohudumiwa" na "wanaostahili" kabla hujafunga safari.

Dhana: Nikiikuta kwenye saraka, nimeshapata.
Saraka haitoi huduma wala haiamui nani apewe. Fedha za mradi huisha, nafasi hujaa, saa za kazi hubadilika. Angalia taarifa ilihakikiwa lini mara ya mwisho. Hata kama ni juzi, piga simu uulize kama nafasi ipo na uje na nyaraka gani.

Dhana: Asiyejua kompyuta hana lake.
Marekani na Kanada, ukipiga 211 unampata mtu anayekutafutia kwenye saraka hizohizo. Huduma hiyo ilianzia Atlanta mwaka 1997, na mwaka 2000 namba hiyo ikatengwa kwa kazi hiyo Marekani nzima.

Dhana: Kitufe cha "toka haraka" kinafuta nyayo zangu.
Hakifuti. Hili naomba alisome kwa makini yeyote anayeishi na mtu anayempiga. Kitufe hicho, kilichopo kwenye baadhi ya kurasa za msaada ili uondoke upesi mtu akitokea, hubadilisha tu ukurasa ulio mbele ya macho. Historia ya kivinjari inabaki, na anayeshika simu yako usiku ataona ulikopita. Dirisha la faragha la kivinjari ("incognito") haliweki historia hiyo, lakini halifui dafu mbele ya programu ya upelelezi iliyokwisha kupandikizwa kwenye simu. Kufuta historia yote kwa mpigo nako kunaweza kumtia shaka mtu aliyezoea kuikagua. Kama una wasiwasi huo, tafuta kwa simu ya mtu unayemwamini au kompyuta ya maktaba, na namba ya nyumba salama ikariri, usiihifadhi.