Mkristo chuoni na kazini: dhana potofu na ukweli wake

Awe wa TMCS, USCF, TAFES, CASFETA au TUCASA, yaani vyama vya wanafunzi Wakristo, mwanafunzi Mkristo katika chuo cha Tanzania hupokea ushauri mwingi wa kiroho tangu wiki ya kwanza. Mwingi ni mzuri. Lakini ndani yake kuna misemo iliyorudiwa hadi ikachukuliwa kama Maandiko, na wanaoumia nayo ni wale wenye bidii kuliko wote: kiongozi wa maombi anadisko, yaani anaondolewa chuo kwa kufeli, na anazama kwenye madeni yule aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono siku ya ahadi. Tumeichukua ile yenye madhara makubwa zaidi, ya chuoni kwanza, kisha ya kazini.

Dhana: "Tafuta kwanza ufalme, masomo yatajipa"

Mathayo 6:33 inazungumzia chakula, mavazi na kuhangaikia kesho. Haimwondolei mtu kazi aliyoisajili mwenyewe.

Tuipige hesabu. Shahada ya miaka mitatu nchini ina walau krediti 360, yaani 120 kwa mwaka, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza: mihadhara, semina, maabara na kujisomea. Hizo ni saa 1,200 kwa mwaka, 600 kwa muhula. Muhula ukiwa wa wiki 16 au 17 pamoja na mitihani, unatakiwa saa 35 hadi 38 kila wiki. Ni ajira ya kutwa.

Wiki ina saa 168. Toa 49 za kulala na 38 za masomo, zinabaki 81 za kula, kufua, kutembea na kumtumikia Mungu. Kwa hiyo si kweli kwamba feloshipu na masomo havikai pamoja. Vinakaa, ila si kwa ratiba yoyote ile. Mazoezi ya kwaya mara tatu, ibada ya katikati ya wiki, kikao cha viongozi, uinjilisti wa Jumamosi na ibada ya Jumapili hufika saa 15 hadi 18 kwa urahisi. Ukiongeza mkesha wa Ijumaa kuanzia saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri, hupotezi saa nane pekee. Jumamosi yote inakwenda kwa usingizi, na ndiyo siku iliyobaki ya kujisomea. Mwenye vyeo viwili huanza kwa kukosa semina, kisha anaingia kwenye jaribio bila kujiandaa, na alama za kozi zikishashuka, mtihani wa mwisho wa muhula (UE) peke yake hauwezi kuziba pengo.

Dawa iko wiki ya kwanza ya muhula. Kusanya mihtasari ya kozi zote, andika kwenye kalenda tarehe za majaribio na za kukusanya kazi, ndipo upange kwaya na zamu za maombi kwenye nafasi zilizobaki. Shika cheo kimoja kwa wakati, na muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza usishike chochote. Viongozi nao wana wajibu: wasiweke mkesha ndani ya wiki mbili kabla ya UE, na kiongozi mwenye sapu, yaani mitihani ya kurudia, apumzishwe kwa upendo hadi azimalize. Kumwacha aendelee kwa sababu "ana upako" ni kumtumia, si kumlea.

Dhana: "Roho atakukumbusha kwenye chumba cha mtihani"

Yohana 14:26 inasema atawakumbusha yale waliyokwisha kuambiwa. Danieli na wenzake wanasifiwa kwa mboga na maji, lakini sura hiyohiyo, mstari wa 5, inasema walisomeshwa miaka mitatu, na mstari wa 4 unataja elimu na lugha ya Wakaldayo, yaani maarifa ya taifa la kipagani. Baada ya hapo ndipo mfalme akawauliza maswali. Mfungo tunaukumbuka, miaka mitatu tumeisahau.

Kuhusu kufunga wakati wa mitihani: kufunga bila maji, kisha kukaa saa tatu kwenye ukumbi wenye joto, huleta kichwa kuuma na kusoma swali mara tatu bila kulielewa. Funga mapema, kabla ya wiki ya marudio. Siku ya mtihani kunywa chai, kunywa maji, omba, ingia. Mwenye vidonda vya tumbo, kisukari au dawa za kila siku azungumze na daktari kabla ya mfungo wowote.

Dhana: "Kusaidiana kwenye mtihani na kusainiana mahudhurio ni upendo"

Unapomsainia mwenzako asiyekuwepo, unaandika kwa mkono wako kwamba alikuwepo. Ni uongo, hata kama kalamu ni ya mwana-maombi. Ndivyo ilivyo kuweka jina la mtu kwenye kazi ya kikundi ambayo hakuigusa, kununua ripoti ya utafiti kwa wale wa steshenari, au kuwasilisha maandishi yaliyotungwa na akili mnemba kama ya kwako wakati kozi inakataza.

Kuna eneo ambalo vijana huchanganyikiwa. Mitihani ya miaka iliyopita ni halali. Vyuo vingi huiweka maktaba, na kuipitia pamoja ni kusoma vizuri. Mtihani uliovuja ni jambo jingine. Ukitumiwa kwenye grupu la WhatsApp usiku wa kuamkia mtihani, usiufungue, usiusambaze, toka kwenye grupu hilo na umjulishe mwakilishi wa darasa au mhadhiri. Soma kanuni za mitihani za chuo chako: kukutwa na karatasi au simu kunaweza kukufutia matokeo au kukuondoa chuoni, hata kama hukuitumia.

Upendo una saa yake, nayo ni kabla ya mtihani. Watu watano, mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu, kila mmoja akieleza mada moja bila kuangalia daftari. Kikundi cha namna hiyo kinamvusha mwenzenu mwenye sapu kuliko kumwachia aangalizie.

Dhana: "Vumilia, muombee huyo mhadhiri"

Ushauri huu hupewa mabinti wanaodaiwa ngono ili wapewe alama, na wakati mwingine hutolewa na viongozi wa kiroho wanaoogopa jina la chuo kuchafuka. Ni ushauri mbaya. Kudai ngono kwa kutumia mamlaka ni kosa la jinai: kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Maombi hayazuii kuripoti, na kunyamaza kunamwachia mwanafunzi anayefuata mzigo uleule.

Hatua zenyewe ni hizi. Usifute ujumbe, piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, kisha hifadhi nakala kwa mtu unayemwamini. Andika kila tukio siku hiyohiyo: mahali, maneno aliyosema, nani alikuwepo. Usikubali kukutana nyumbani, gesti wala ofisini baada ya saa za kazi. Toa taarifa kwa mshauri wa wanafunzi au dawati la jinsia la chuo, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa namba ya bure 113. Wanaume hudaiwa pia, na njia ni hiyohiyo. Feloshipu iwe na mtu mzima mmoja anayejulikana, wa kumsindikiza anayekwenda kuripoti, kwa sababu wengi hukata tamaa mlangoni.

Dhana: "Kuwa shahidi kazini ni kuhubiri kazini"

Anayetumia saa za mwajiri kushuhudia anatumia muda aliokwisha kulipwa kwa kazi nyingine. Maadui wa Danieli, sura ya 6, walimkagua kwanza katika mambo ya ufalme, tungesema leo ya ofisi, wasipate kosa. Ndipo wakageukia sala zake. Ukaguzi wa mafaili ulitangulia.

Kwa kijana aliyeajiriwa, ushuhuda wa kwanza ni masurufu, yaani fedha unayopewa kwa safari ya kikazi. Ulipewa posho ya usiku nne ukalala mbili: rudisha ya usiku mbili na udai stakabadhi. Usitafute gesti ya kukuandikia risiti ya usiku usiolala. Fanya marejesho mara unaporudi, maana risiti hupotea na kumbukumbu hufifia, na hapo ndipo watu waaminifu hujikuta wakibuni tarakimu. Bosi akikuagiza usaini hati usiyoiamini, usimgombeze. Mwambie: "Samahani mkuu, naomba maelekezo haya uniandikie kwa barua pepe ili niyaambatishe." Mara nyingi agizo huishia hapo. Lisipoishia, una maandishi.

Mzabuni akikuletea bahasha "ya maji" baada ya kazi kukamilika, ni rushwa vilevile. Kuja baada ya malipo hakuigeuzi kuwa shukrani. Ikatae mbele ya mtu mwingine na umwandikie msimamizi wako siku hiyohiyo. Kukataa faraghani bila kumbukumbu hukuacha peke yako mambo yakiharibika.

Dhana: "Toa fungu la kumi kwanza, madeni Mungu atajua"

Hapa ndipo vijana wengi wenye moyo safi huumia. Chukua mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 sekta binafsi, mtu aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB). NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hukata asilimia 10, yaani 80,000. Kodi ya mshahara huhesabiwa kwenye 720,000 iliyobaki: 270,000 za mwanzo hazikatwi, 250,000 zinazofuata hukatwa asilimia 8, ambayo ni 20,000, na 200,000 za mwisho asilimia 20, ambayo ni 40,000. Jumla ya kodi ni 60,000. Bodi ya Mikopo huchukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000. Mkononi inafika 540,000.

Tuseme chumba 100,000, chakula 150,000, nauli 60,000, umeme, maji na bando 40,000, wazazi 50,000. Zinabaki 140,000. Zaka ikihesabiwa kwa kilichofika mkononi ni 54,000, ikihesabiwa kwa mshahara mzima ni 80,000. Makanisa hayakubaliani juu ya hilo; amua mara moja ukiwa na dhamiri safi, uache kujihukumu kila mwezi. Ukichukua 54,000, zinabaki 86,000 za kuweka akiba, kununua dawa, kuchangia harusi na msiba.

Sasa ahadi ya ujenzi ya 500,000 inayotamkwa madhabahuni kwa hisia inameza karibu miezi sita ya masalio hayo yote. Luka 14:28 inamtaka mtu aketi kwanza ahesabu gharama. Paulo naye, katika 2 Wakorintho 8:12, anasema sadaka hupimwa kwa alicho nacho mtu, si kwa asicho nacho, na sura inayofuata inakataza kutoa kwa huzuni au kwa lazima. Kwa hiyo chukua bahasha, nenda nayo nyumbani, jaza kiasi baada ya kuangalia hesabu.

Kukopa ili kutoa ndilo kosa kubwa kuliko yote. Mkopo wa kausha damu, yaani wa mtaani wenye riba kubwa, wa 200,000 unaorudishwa 260,000 mwezi mmoja una riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Warumi 13:8 inasema "Msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana." Na katika Marko 7, Yesu aliwakemea waliosema "Korbani", mali imewekwa wakfu, ili wasiwatunze wazazi. Mtumishi yeyote anayekuambia uache kumlipa mwenye nyumba ili umtolee Mungu amekupotosha.

Deni la Bodi nalo ni deni. Wapo wanaomficha mwajiri kwamba walikopeshwa, huku wakitoa zaka kila Jumapili. Mpe mwajiri namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, ndiyo Bodi inayotumia kukutambua, na makato yaanze. Fedha hiyo inamsomesha mdogo wako anayesubiri bumu, fedha ya kujikimu ya mkopo, leo.

Dhana: "Msongo wa mawazo ni upungufu wa imani"

Eliya, katika 1 Wafalme 19, aliomba afe. Mungu hakumkemea, malaika alimlisha, akalala, akalishwa tena. Kukosa usingizi, hamu ya kula na nguvu za kusoma kwa zaidi ya wiki mbili ni sababu ya kwenda zahanati ya chuo au kwa mshauri nasaha. Anayetaja kujidhuru asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na apelekwe hospitali. Aombewe, na atibiwe.

Dhana: "Imani niliyoijenga chuoni itanifuata nikihamia kazini"

Chuoni ulizungukwa na watu wa rika lako waliokugongea mlango saa 11 alfajiri kwa maombi. Ukipangiwa wilaya usiyomjua mtu, hakuna wa kugonga. Wengi hawaiachi imani kwa uamuzi. Wanakosa Jumapili ya kwanza kwa sababu ya kuhama, ya pili kwa zamu, na mwezi wa tatu wanaona aibu kujitambulisha.

Kabla ya kusafiri, mwombe mchungaji au paroko barua ya utambulisho. Ndani ya wiki nne za kwanza ipeleke kanisani, na ujiunge na jumuiya ndogondogo au kikundi cha nyumba kwa nyumba katika mtaa unaokaa, maana ibada kubwa haitajua ukiugua. Muuguzi, askari au mhudumu wa hoteli mwenye zamu za Jumapili aangalie ratiba ya zamu mwanzoni mwa mwezi, aulize ibada za asubuhi za siku za kazi, na ampe kiongozi wa jumuiya nakala ya zamu hizo ili wajue lini wamtarajie na lini wampigie simu.