Je, wajua boya la Argo huzama na kuibuka vipi bila propela?

Maboya takriban 4,000 ya mpango wa kimataifa wa Argo yanazunguka baharini, yakipima joto na chumvi ya maji. Boya moja ni mtungi mrefu wa kilo 20 hadi 30, usio na propela wala usukani. Hata hivyo, kila baada ya siku 10 hushuka hadi mita 2,000, kisha huibuka kutuma vipimo kwa setilaiti.

Kazi yote hufanywa na mafuta. Kitako cha mtungi kina kifuko cha mpira kinachogusana na maji. Pampu ikisukuma mafuta kutoka ndani kwenda kwenye kifuko, boya linanenepa bila kuongezeka uzito, nalo linapanda. Mafuta yakirudi ndani, linakonda na kuzama. Chukua boya la kilo 25. Karibu na uso wa bahari, lita moja ya maji ina kilo 1.025 hivi, kwa hiyo boya likae bila kupanda wala kushuka linahitaji ujazo wa lita 24.4. Kwenye mita 2,000 maji ni baridi na yamebanwa, lita inafikia kilo 1.037, na lita 24.1 zinatosha. Tofauti haizidi sana robo lita, yaani glasi moja tu ya mafuta!

Mbona basi halizami moja kwa moja hadi sakafuni? Kwa sababu mtungi ni mgumu kubanwa kuliko maji yenyewe. Linaposhuka, maji yanazidi kuwa mazito upesi kuliko mtungi unavyosinyaa, mpaka hali inalingana na boya linatulia. Kwa kawaida hutulia mita 1,000, likachukuliwa na mkondo kwa siku tisa hivi, ndipo lishuke hadi 2,000.

Kushuka hakuli betri sana. Kupanda ndiko kunakokula. Ukijaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono, mpigo wa mwisho ndio mzito. Huko chini pampu inasukuma dhidi ya kanieneo ya mara 200 ya hewa ya juu. Hewa ikinaswa kwenye mafuta, pampu hubana hewa hiyo badala ya kujaza kifuko, na boya linaweza kushindwa kupanda. Likiwa zima, hupanda sentimita 10 kwa sekunde, karibu saa sita.

Kipimo cha chumvi ndicho chenye matata zaidi. Maji hupitishwa kwenye kijirija cha kioo chenye elektrodi (vipande vya metali vya kupitishia umeme), ikapimwa jinsi yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, umeme hupita zaidi. Utando wa viumbe ukiota ndani, njia inakuwa nyembamba, umeme unapungua, na maji yanaonekana yana chumvi kidogo kuliko ilivyo. Ndiyo maana kuna maboya ambayo pampu ya kijirija huzimwa mita chache kabla ya uso, yasifyonze uchafu unaoelea. Wataalamu nao huchunguza vipimo vya kilindini, ambako chumvi hubadilika polepole mno: namba za huko zikianza kuteleza mzunguko baada ya mzunguko, wao hushuku kijirija kwanza, si bahari.