Tangi halikomai kwa kukaa tu: dhana potofu kuhusu bakteria wa akwariamu

“Maji yamekaa wiki mbili, maangavu kabisa, filta inazunguka usiku na mchana. Mbona samaki wamekufa siku ya nne?” Swali hili utalisikia Mwanza kuanzia Nyegezi hadi Igoma, na anayeuliza huwa ameshapoteza gapi sita au goldfishi watatu. Jibu ni lilelile kila mara: kwa wiki mbili zote hizo bakteria wanaosafisha taka za samaki, ambao wakitosha ndipo tunasema tangi limekomaa, hawakuwa na cha kula, kwa hiyo hawakuongezeka. Tangi lilikuwa na maji tu.

Dhana hii ina chanzo chake. Maji ya bomba yana klorini, na klorini huondoka kweli ukiyaacha maji kwenye ndoo wazi saa 24 hadi 48, mapema zaidi ukitia jiwe la hewa. Watu wakaambiwa “acha maji yakae”, wakachukulia kwamba kukaa huko ndiko kunakoleta bakteria. Muda unaondoa klorini. Bakteria wanaletwa na amonia, sumu inayotokana na taka za samaki na chakula kinachooza, ambayo ndiyo chakula chao. Tafadhali, tuache kuyachanganya haya mawili, maana samaki wanakufa kwa sababu hiyo.

Kundi la kwanza, kama Nitrosomonas, hula amonia na kuacha nitriti. Kundi la pili, hasa Nitrospira, hula nitriti na kuacha nitrati, ambayo sisi tunaipunguza kwa kubadilisha maji. Wote huongezeka polepole sana. Bakteria wa uozo wa kawaida huweza kuwa maradufu ndani ya nusu saa, lakini hawa huhitaji takribani siku nzima au zaidi, tena wakiwa wameshiba. Ukitia samaki wote siku moja, amonia inapanda kabla bakteria hawajafika hata robo ya idadi inayotakiwa.

Kwa tangi la lita 60, yeyusha gramu 4 za amonia kloridi safi katika mililita 100 za maji. Mililita 10 za mchanganyiko huo zinakupa takriban miligramu 2 za amonia kwa lita. Tia, washa filta na pampu ya hewa, weka maji kati ya nyuzi 25 na 28, kisha pima amonia na nitriti kila baada ya siku mbili kwa vipimo vya matone, yaani dawa unayodondoshea maji kidogo ya tangi ili yabadilike rangi. Usitie dozi nyingine mpaka amonia ishuke karibu na sifuri. Huna amonia kloridi? Dagaa wawili wakavu wasio na chumvi, wafungwe kwenye kitambaa chepesi na kuzamishwa, watafanya kazi hiyo wakioza, ila kipimo chake hakitabiriki, kwa hiyo pima kila siku. Mbolea ya urea na amonia ya kusafishia vioo yenye sabuni usiziguse.

Wiki ya kwanza huoni kitu. Kuelekea wiki ya pili amonia inaanza kushuka, na kipimo cha nitriti, ambacho kwenye baadhi ya vipimo vya matone huwa samawati hafifu kikiwa sifuri, kinageuka zambarau mara tone linapogusa maji. Hapa ndipo wengi wanaposhangilia na kukimbilia kununua samaki. Subiri! Nitriti huingia kwenye damu na kuizuia kubeba oksijeni. Matamvua yanakuwa ya kahawia na samaki anatweta juu ya maji ingawa pampu inapuliza. Zambarau hiyo inaweza kudumu wiki mbili au tatu. Tangi limekomaa pale unapotia miligramu 2 za amonia leo, na kesho saa ileile amonia na nitriti zote ni sifuri. Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6, na miezi ya baridi, Juni na Julai, huchelewa zaidi kama huna hita.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo maelekezo ya ng'ambo mara nyingi hayalitilii mkazo. Maji ya Ziwa Victoria ni laini. Bakteria wakila amonia wanazalisha asidi, na kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia hutumia takriban miligramu 7 za ualkali, yaani uwezo wa maji kuituliza asidi. Baada ya dozi kadhaa ualkali unaisha, pH (kipimo cha uasidi wa maji) inashuka chini ya 6 na kazi inasimama, huku mwenye tangi akidhani bakteria wamekufa. Badilisha nusu ya maji, au tia nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea kwa lita 50, na kazi itaendelea. Mawe ya matale yaliyojaa Mwanza ni mazuri kwa mapambo, lakini hayatakuongezea ualkali.

Ukitaka njia ya mkato ya kweli, omba kipande cha sponji kutoka tangi lililokomaa lenye samaki wazima. Kisafirishe kibichi, chombo kikiwa wazi, kifike ndani ya saa moja au mbili. Kinaweza kupunguza kusubiri hadi wiki moja au mbili, lakini bado utapima.

“Nitachota maji ya ziwani, yana bakteria tayari.” Bakteria hawa hushika kwenye sponji, changarawe na kioo; kwenye maji yenyewe ni wachache. Utakacholeta nyumbani ni chawa wa samaki, mwani, na pengine konokono wa kichocho walioshika kwenye majani. Mwambao wetu una kichocho, na kuingia majini kuchota ndiko kunakokuambukiza.

“Maji yamekuwa kama maziwa siku ya tatu, nimemwaga yote.” Ule weupe ni bakteria wa uozo, si tunaowasubiri, na huondoka wenyewe.

“Sponji nimeiosha bombani ikatakata.” Umewatia klorini. Ikamue kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini, tena pale tu mtiririko unapopungua.

Kama samaki wameshaingia na nitriti imepanda, punguza chakula, badilisha robo hadi nusu ya maji kila siku kwa maji yasiyo na klorini, na tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa lita 60. Kloridi inapunguza nitriti inayopita kwenye matamvua. Chumvi ya dozi hiyo haiwaui bakteria.

Umeme ukikatika, filta ya kopo lililofungwa ndiyo hatari kubwa. Oksijeni iliyomo ndani inaisha, bakteria wanaanza kufa, na umeme ukirudi uchafu huo unasukumwa kwa samaki. Ikizidi saa moja au mbili, lifungue kopo, toa sponji uiweke ndani ya tangi, kisha chota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu kila baada ya nusu saa. Umeme ukirudi, mwaga maji yaliyobaki kwenye kopo kabla ya kurudisha sponji na kuwasha.